Bunge lililojizika Spanish Town

Desemba 1865, katika mji wa Spanish Town uliokuwa makao makuu ya koloni la Jamaika, wabunge waliketi katika jengo lao la matofali, mkabala na nyumba ya gavana, wakapitisha sheria ya kulifuta bunge lao wenyewe. Bunge hilo lilikuwa limedumu miaka 200 na ushei, kwani kikao chake cha kwanza kilifanyika mwaka 1664. Hakuna jeshi lililowazingira siku hizo, wala Malkia Victoria hakuwa ametoa amri ya kulivunja. Serikali ya Uingereza iliupokea uamuzi huo kwa furaha, lakini mikono iliyonyooshwa kuunga mkono ilikuwa ya wabunge.

Wanafunzi wa Kenya na Tanzania wamekaririshwa kwa vizazi miaka 1907 na 1926, miaka ambayo Baraza la Kutunga Sheria lilianzishwa Nairobi na Dar es Salaam. Hujifunza orodha ya wajumbe, maofisa wangapi na walowezi wangapi, kisha hupanda mpaka siku Waafrika wa kwanza walipoteuliwa. Wanachokosa ni sababu. Kwa nini Waingereza, waliojisifu duniani kote kuwa wao ndio mama wa mabunge, walileta Afrika Mashariki baraza lililojaa maofisa na watu wa kuteuliwa? Sehemu kubwa ya jibu iko Spanish Town, na ni kosa kwamba watoto wetu hawaelezwi.

Lazima kwanza ifahamike jinsi chombo kile kilivyofanya kazi, maana hakikuwa baraza la kupiga makofi. Gavana alitumwa kutoka London. Chini yake palikuwa na baraza dogo la watu wa kuteuliwa. Kisha palikuwa na Bunge lenyewe, wajumbe 47 waliochaguliwa na parokia 22 za kisiwa: parokia za Kingston, Port Royal na St Catherine zilitoa watatu kila moja, nyingine zote wawili wawili. Gavana alikuwa na askari na muhuri wa mfalme, ila mkoba ulikuwa mikononi mwa wabunge. Kodi nyingi zilipitishwa kwa mwaka mmoja tu, ili gavana alazimike kurudi kuomba tena. Kwa muda mrefu mbunge yeyote aliweza kusimama na kupendekeza matumizi ya fedha za umma, na kamati ya wabunge wenyewe ndiyo iliyosimamia hesabu. Gavana akigombana nao, wao hukaa kimya tu, sheria za kodi zikaisha muda, na hazina ikakauka.

Kwa mtu anayependa demokrasia, hayo yote yanavutia. Bunge linaloshika fedha na kuthubutu kumkatalia mtawala ndilo bunge ambalo vyama vya upinzani katika nchi nyingi za Afrika bado vinalipigania. Ndiyo maana kisa cha Jamaika kinauma. Nguvu zile zote zilitumika, mwaka hadi mwaka, kulinda mashamba ya miwa na watu waliomiliki wanadamu.

Mwaka 1774 wabunge wa Jamaika walimwandikia mfalme kuwatetea Wamarekani waliokuwa wakigombana na London, wakisisitiza kwamba Mwingereza habanwi na sheria iliyotungwa mahali asikowakilishwa. Wakati wanaandika hivyo, kisiwa kilikuwa na watumwa karibu 200,000. Kuanzia mwaka 1823 serikali ya Uingereza iliwahimiza wapunguze ukatili, ikiwemo kuacha kuwachapa wanawake viboko. Walikataa. Walisema mambo ya ndani ya koloni ni haki ya Bunge la koloni. Mwishoni mwa 1831 watumwa wa magharibi ya kisiwa, wakiongozwa na mhubiri wa Kibaptisti Samuel Sharpe, waliacha kazi wakidai ujira. Mgomo ukageuka uasi. Weupe 14 walikufa. Watumwa zaidi ya 300 walinyongwa au kupigwa risasi kwa hukumu za mahakama, na Sharpe mwenyewe alinyongwa Mei 1832. Bunge liliunda kamati ya uchunguzi, na kamati ikawatwisha lawama wamisionari. Hasara ya mali ilihesabiwa kwa makini mpaka ikavuka pauni milioni 1.

Mwaka uliofuata Bunge la Uingereza lilipitisha sheria ya kukomesha utumwa, na likatenga pauni milioni 20 za fidia. Fidia hiyo walilipwa mabwana. Watumwa hawakupata hata senti. Msomaji wa Zanzibar ataitambua hesabu ya namna hiyo, kwa kuwa amri ya Sultan Hamoud ya Aprili 1897 nayo iliweka fidia kwa wenye watumwa.

Tukio linalostahili kuangaliwa kwa utulivu zaidi ni la 1838. Baada ya Agosti 1834 watumwa wa Jamaika hawakuwa watumwa kwa jina, lakini walilazimishwa kuendelea kuwafanyia kazi mabwana wao wa zamani bila ujira kwa sehemu kubwa ya wiki. Mwenye shamba hakuruhusiwa tena kuwachapa kwa mkono wake. Aliwapeleka kwa hakimu, na hakimu akawapeleka kwenye magereza ya parokia, ambako wanaume kwa wanawake walifungwa mikono juu ya gurudumu la kukanyagwa na kuchapwa wakichoka. Magereza hayo yalisimamiwa na baraza la parokia, lililojaa wenye mashamba. Ilikuwa kesi ya nyani, hakimu ngedere. Habari zilifika Uingereza, simulizi ya kijana James Williams aliyepitia mateso hayo ikachapishwa mwaka 1837 na kuwatia watu ghadhabu. Mwaka 1838 Bunge la Uingereza likapitisha sheria iliyompa gavana mamlaka ya kukagua magereza ya makoloni ya Karibi na kuweka kanuni zake.

Wabunge wa Spanish Town wakagoma. Walitangaza kwamba haki zao zimevunjwa na kwamba hawatafanya kazi yoyote hadi warudishiwe. Gavana Lionel Smith alilivunja Bunge akaitisha uchaguzi. Waliorudi walikuwa na msimamo ule ule. Kwa hiyo mgomo mkubwa kuliko yote katika historia ya chombo kile, mgomo uliofanywa kwa jina la uhuru wa bunge, ulihusu haki ya kuendesha jela bila kukaguliwa. Anayependa kusikia wanasiasa wakisema "mhimili huu hauingiliwi" hana budi kuuliza kwanza ni jambo gani lisiloingiliwa.

Mgomo ule ulikaribia kubadilisha historia ya Uingereza yenyewe. Mei 1839 serikali ya Waziri Mkuu Melbourne ilipeleka muswada wa kulisimamisha Bunge la Jamaika kwa miaka mitano. Ulipita kwa kura 294 dhidi ya 289, tofauti ya kura tano tu, na Melbourne akajiuzulu. Robert Peel aliitwa kuunda serikali akataka baadhi ya mabibi wa nyumba ya malkia wabadilishwe. Malkia Victoria, akiwa na umri wa miaka 19, akakataa, na Melbourne akarudi madarakani. Vitabu vingi husimulia kisa cha mabibi hao na kusahau kilichokianzisha. Wabunge wa Jamaika waliponea hapo. Gavana mpya, Charles Metcalfe, aliletwa kuwabembeleza.

Hofu yao, hata hivyo, haikuwa London peke yake. Nje ya mashamba ya miwa palikuwa na mabadiliko ambayo hakuna hotuba ingeyazuia. Watu walioachwa huru kikamilifu Agosti 1838 walianza kununua vipande vya ardhi, mara nyingi kwa msaada wa wachungaji wa Kibaptisti, wakajenga vijiji vyao. Sligoville ndicho kilichotangulia. Sheria ya uchaguzi ya 1840 ilimpa kura mwanamume mwenye ardhi inayoingiza pauni 6 kwa mwaka. Kwa mkulima mdogo kiwango hicho kilikuwa kikubwa, lakini kilifikika.

Na sura za Bunge zikaanza kubadilika. Edward Jordon, mtu wa damu mchanganyiko na mhariri wa gazeti la Watchman, alishtakiwa kwa uhaini mwaka 1832 kwa sababu ya aliyoyaandika, akaachiwa. Mwaka 1835 aliingia Bungeni. Baadaye akawa meya wa Kingston kwa miaka mingi, na mwaka 1861 akakalia kiti cha Spika. Katika miaka ya 1840 waliingia wabunge weusi wa kwanza, Edward Vickars na Charles Price. Wabunge wa damu mchanganyiko, pamoja na wafanyabiashara Wayahudi waliopata haki ya kura mwanzoni mwa miaka ya 1830, waliunda kundi lililoitwa la mjini, dhidi ya wenye mashamba walioitwa wa shambani. Mizani ilikuwa inahama.

Hapo ndipo hila zikaanza. Uchaguzi haukupigwa marufuku, ulitiwa bei. Sheria ya 1859 ilimtaka mpiga kura alipe ushuru wa stempu wa shilingi 10, pesa ya siku nyingi za kazi kwa kibarua wa miwa. Sensa ya 1861 ilihesabu wakazi karibu 441,000, ambao weupe miongoni mwao hawakufika 14,000. Miaka michache baadaye watu walioandikishwa kupiga kura katika kisiwa kizima walikuwa chini ya 2,000. Zipo parokia ambazo wapiga kura wake wote wangeenea katika chumba kimoja cha darasa.

Kodi nazo zilikuwa na mwelekeo wake. Mizigo mikubwa ya ushuru wa forodha iliwekwa juu ya vitu ambavyo maskini alikula kila siku: samaki wa chumvi na unga wa ngano. Bidhaa za kuendeshea mashamba makubwa zilipita kwa wepesi. Barabarani viliwekwa vizuizi vya kutoza ada, na mwaka 1859 watu wa parokia ya Westmoreland waliviangusha. Kodi hizo hizo zilisaidia kugharamia meli zilizoleta vibarua kutoka India kuanzia 1845, vibarua ambao kuwepo kwao kulishusha ujira wa waliolipa kodi. Mbunge hana haja ya kumchukia mtu ili amdhulumu. Inatosha mtu huyo asiwe mpiga kura wake.

Mbunge mmoja aliyelipigia kelele jambo hili alikuwa George William Gordon. Baba yake alikuwa tajiri mweupe, mama yake mtumwa. Gordon alifanya biashara, akanunua mashamba, akahubiri katika makanisa ya Kibaptisti ya wenyeji. Mwaka 1862 alilalamika juu ya maskini mgonjwa aliyetupwa katika jela ya Morant Bay akafia humo; malipo yake yakawa kuvuliwa uhakimu na Edward Eyre, aliyekuwa akikaimu ugavana. Mwaka 1863 alichaguliwa kuiwakilisha parokia ya St Thomas in the East, na Bungeni akawa mkosoaji mkali wa Eyre. Katika kampeni yake alisaidiwa na mkulima wa kijiji cha Stony Gut, shemasi Paul Bogle, ambaye alihakikisha majirani zake wenye vipande vya ardhi wanaandikishwa na kwenda kupiga kura. Bogle aliijua kura na aliitumia. Hilo hufichwa na wanaomchora kama mtu wa mapanga tu.

Mwaka 1865 ukame ulibana, bei za vyakula zikapanda. Wakulima wa St Ann walimwandikia malkia wakiomba ardhi. Majibu kutoka London, ambayo Eyre alichapisha maelfu ya nakala na kuzibandika kisiwa kizima, yaliwaambia wafanye kazi kwa bidii mashambani kwa ujira. Oktoba 11, Bogle na mamia ya watu waliandamana hadi mahakama ya Morant Bay, ambako baraza la parokia lilikuwa linaketi. Wanamgambo walifyatua risasi na kuua saba. Umati ukachoma jengo na kuua watu 18, akiwemo mkuu wa parokia, Baron von Ketelhodt. Miongoni mwa waliouawa na umati alikuwemo Charles Price, yule mbunge mweusi wa zamani. Kifo chake hakipaswi kurukwa na anayemtetea Bogle. Kinaonyesha jinsi hasira ya siku ile ilivyokuwa imevuka mipaka ya rangi na kuwa hasira dhidi ya kila aliyeonekana kukaa upande wa baraza.

Kisasi cha Eyre hakikuwa na kipimo. Tume ya uchunguzi iliyotumwa baadaye kutoka London ilihesabu waliouawa 439, waliochapwa viboko wasiopungua 600, na nyumba 1,000 zilizochomwa. Gordon hakuwepo Morant Bay. Alikuwa Kingston, mji ambao haukuwekwa chini ya sheria ya kijeshi. Alijisalimisha, na Eyre akaamuru apakiwe katika meli ya kivita na kupelekwa eneo ambalo sheria ya kijeshi ilikuwa inatumika. Maofisa vijana wa jeshi walimhukumu Jumamosi, na Jumatatu ya Oktoba 23 wakamnyonga mbele ya mabaki ya ile mahakama.

Mbunge alikuwa amenyongwa bila kufikishwa mbele ya mahakama ya kawaida. Bunge lenye wivu wa haki zake, lile lililogoma kwa sababu ya ukaguzi wa jela, lilifungua kikao chake Novemba 7. Lilifanya nini? Lilimshukuru gavana. Likapitisha sheria ya kumkinga yeye na askari wake dhidi ya mashtaka kwa yote waliyoyafanya. Halafu likageukia pendekezo lake kwamba katiba ya zamani ifutwe. Wabunge kadhaa wa damu mchanganyiko walipinga, wakataka angalau viti vichache vya kuchaguliwa vibaki. Wakashindwa. Wenye mashamba walikuwa wamefanya hesabu: mwanamume wa mfano wa Bogle, mwenye ekari zake na risiti yake ya kodi, angeongezeka kila mwaka, na siku moja viti 47 vingekuwa vya watu wa mfano wa Gordon. Kuliko kugawana Bunge, waliona heri lisiwepo, koloni litawaliwe na gavana na wateule wake moja kwa moja.

Sheria ile ya kinga iliishi kuliko Bunge lililoitunga. Mjamaika Alexander Phillips, aliyechapwa na kufungwa wakati wa msako, alimshtaki Eyre huko Uingereza. Mwaka 1870 mahakama ilimkatalia kwa hoja kwamba kitendo kilichohalalishwa na Bunge halali la Jamaika hakiwezi kudaiwa fidia London. Hukumu hiyo imerejewa na wanasheria wa nchi nyingi kwa zaidi ya karne moja. Bunge lilikuwa limekwisha kufa miaka minne, lakini sauti yake bado ilitosha kumnyima haki mtu mwenye makovu mgongoni.

Wapo wanaosema Jamaika haikupoteza kitu. Gavana aliyeletwa Agosti 1866, John Peter Grant, alikuwa mtendaji hodari. Alianzisha mahakama za wilaya, akapanga upya polisi, akapanua huduma za tiba, na mwaka 1870 Kanisa la Anglikana likaacha kuendeshwa kwa kodi za wote. Mkulima mdogo huenda alipata haki zaidi mbele ya hakimu wa Grant kuliko mbele ya jirani yake mwenye shamba la miwa. Hoja hiyo ina ukweli na isibezwe. Ila waliokuwa wakilima ardhi bila hati walifukuzwa na Grant huyo huyo, na hawakuwa na kiti hata kimoja cha kulalamikia. Hisani ya gavana huja na gavana na huondoka naye. Viti tisa vya kuchaguliwa vilirudishwa mwaka 1884, miaka karibu 20 baadaye, navyo vikiwa na masharti ya mali.

Baada ya Jamaika, makoloni mengi ya Karibi yaliyokuwa na mabunge yao yaliyasalimisha moja baada ya jingine. Barbados ilishikilia lake. Utawala wa gavana na wateule wake haukubuniwa mwaka 1865. Trinidad na Mauritius zilikuwa zimetawaliwa hivyo kwa miongo. Kilichobadilika ni kwamba sasa London ilikuwa na kanuni kwa nchi zenye weusi wengi na weupe wachache: gavana, maofisa wengi, wateule wachache. Ndiyo kanuni iliyowasili Nairobi Agosti 1907, na Dar es Salaam mwaka 1926.

Kenya ikawa na jambo la ziada. Walowezi weupe walipewa viti vya kuchaguliwa, uchaguzi wa kwanza ukafanyika mwaka 1920, na mara wakaanza kudai wajitawale kwa lugha ambayo mbunge yeyote wa Spanish Town angeielewa. London, ikikumbuka walichofanya wenye mashamba wa Karibi na wengine kusini mwa Afrika, ilitangaza mwaka 1923 kwamba maslahi ya Waafrika ndiyo yatatangulia. Kuanzia 1924 maslahi hayo yakakabidhiwa mmisionari wa Kiskoti, Dkt. John Arthur, ayasemee barazani. Mtu akiijua Jamaika, tangazo la 1923 na uteuzi wa 1924 hukoma kuwa tarehe mbili za mtihani. Anaona hofu mbili zilizorithiwa: hofu ya walowezi kuachiwa bunge, na hofu ya weusi kupewa. Kwa hiyo wanaoandaa mitaala ya historia watenge nafasi ya Gordon na Bogle kabla ya somo la 1907, hata kama ni vipindi viwili tu. Gharama yake ni ndogo, na walimu watapata kitu cha kujadili badala ya orodha ya kukariri.

Jamaika ilifanya uchaguzi wake wa kwanza wa watu wazima wote, wanaume na wanawake, bila sharti la mali, tarehe 14 Desemba 1944. Siku hiyo Eliud Mathu alikuwa ameshateuliwa na gavana kuwa Mwafrika wa kwanza katika Baraza la Kutunga Sheria la Kenya. Alikuwa Mwafrika pekee barazani, akiwasemea mamilioni ya Waafrika ambao hakuna hata mmoja aliyekuwa ameruhusiwa kumpigia kura.